Kiyoyozi cha Mama Mkubwa Kilipovuja

Kilakala,
Morogoro.
9 Februari 2025

Mpendwa Kaka Halidi,

Shikamoo kaka. Natumai Salehe atakukuta mzima huko Maskati, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kifua chako kimetulia. Sisi hatujambo, ila joto la mwaka huu halina adabu. Ukianika nguo, hujafika ya mwisho, ya kwanza imeshakauka. Nimeona bora nimpe Salehe karatasi akuletee, maana kwenye simu ungenikatiza kila neno. Nakujua.

Nianze na mguu wa Mama Mkubwa, najua ndio unaoutafuta kwa macho. Kidonda hakijafunga, ila hakinuki tena, na nyama mpya imeanza kuota pembeni. Yustina, yule muuguzi anayemsafisha, alituambia wazi kwamba akirudi Tegetero kabla hakijafunga, safari ijayo tutazungumzia kukata mguu. Mama Mkubwa alimsikia vizuri. Lakini joto likimzidi, usingizi unampaa, na asubuhi anaulizia gari la kumrudisha kwenye baridi yake ya mlimani. Kwa hiyo kiyoyozi ulichomtumia ndicho kinachomweka mjini.

Ungemwona siku kilipofungwa! Maji yalipoanza kudondoka nje, kwenye ule mpira mwembamba, akaniuliza tangi liko wapi. Nikamwambia hakuna tangi. Akauliza bomba je? Hakuna bomba. Akajikongoja hadi nje na mkongojo wake, akakinga kiganja, akanusa. "Subhanallah! Sabra, haya ni maji kabisa!" Nilimcheka, kisha kicheko kikaniisha. Nilikuwa nimesimama juani, mbinguni hakuna hata wingu, naangalia maji yakitoka kwenye hewa ile ile tuliyokuwa tunailalamikia. Shuleni nilifundishwa kwamba ni kama bilauri ya maji baridi inavyotoa jasho. Hata hivyo mwili ulinisisimka, na mpaka leo nikipita pale nasimama kidogo.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita natoka sokoni, nakuta maji yanateremka ukutani chumbani kwake, godoro limelowa chapachapa. Yeye amekizima kiyoyozi, amekaa kitini, furushi la nguo liko miguuni. Alikuwa ameshampigia simu Hatibu, yule mwenye gari la ndizi, ampandishe kesho yake asubuhi.

"Nimekiharibu kitu cha mwanangu," akaniambia. "Acha niondoke. Na usimwambie."

Nikamwambia haendi popote. Akanitazama vile unavyomjua anavyotazama mtu akishaamua, hata sikurudia. Nikampigia fundi. Yuko Gairo, ana kazi huko, hawezi kufika kabla ya Ijumaa. Na Hatibu anakuja kesho! Nikajifunga kibwebwe.

Nikazima umeme wa kile kidude kwenye swichi yake ya ukutani, maana maji na umeme sitaki utani navyo. Nikapanda kwenye stuli, nikafungua mfuniko, nikachomoa chujio. Kaka, vumbi lake ungeweza kulipalilia. Nikaliosha, nikalianika kivulini, likakauka nikalirudisha. Kuwasha tena, baridi inakuja vizuri, feni ya boksi la nje inazunguka, halina hata jani lililokwama. Nikakaa kitandani nasubiri. Baada ya muda, tone. Tone jingine. Ukuta ukaanza kulia upya, na mimi nikakaribia kulia nao.

Hapo ndipo nikajiuliza, kama maji yanakuja ndani, ya nje yako wapi? Nikazunguka nyuma ya nyumba. Ule mpira haukuwa unadondosha kitu. Ulikuwa umesukumwa mpaka chini kabisa ndani ya dumu la maji, na mdomo wa dumu umekazwa kipande cha kanga barabara, kama tunavyoziba maji yetu yote mbu wasitagie. Dumu limekaribia kujaa, na hewa iliyobaki ndani haina pa kutokea. Maji yalikosa njia yakageuka yalikotoka.

Nikavuta kile kitambaa. Nakuapia, dumu lilishusha pumzi kama mtu. Nikauchomoa mpira, ukakoroma, halafu maji yakanimwagikia miguuni, ya baridi, meupe, mengi sijui yalikuwa yamejificha wapi. Mama Mkubwa aliyekuwa dirishani akapiga takbiri mpaka jirani Jesca akachungulia uani.

Nilipomuuliza kwa nini aliyakinga vile, akainamisha kichwa. "Mgao umekuwa mbaya, mwanangu, na ninyi maji mnanunua. Mimi natawadha mara tano kwa siku. Nikaona niwe na ya kwangu, nisiwamalizie yenu."

Nililia, kaka. Mama aliyetulea sote anaogopa kutumalizia maji! Nilimkumbatia pale pale na miguu yangu imelowa.

Sasa mpira unaning'inia juu ya ndoo iliyo wazi, haugusi maji, na ndoo tumeifunika kipande cha chandarua. Chujio nitaliosha mwenyewe, fundi abaki na Gairo yake. Hatibu alipokuja alikuta furushi limeshafunguliwa na mwenyewe bado amelala, mlango umefungwa, chumba baridi. Tukampa uji akaenda zake.

Mume wangu Sufiani anakusalimu sana, na Jesca pia anakutakia heri. Msalimie wifi, wabusu watoto. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake na azidi kukufungulia riziki huko uliko.

Mama Mkubwa amekaa hapa kando yangu, mguu juu ya mto. Nilimuuliza nikuandikie salamu gani. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie Tegetero nitapanda, asiwe na wasiwasi. Ila nitapanda kwa miguu yangu yote miwili."

Mdogo wako akupendaye kwa dhati,
Sabra