Majani Chai Ni Baba Mkwe Wangu!

Mama Tryphosa, nakuandikia nikiwa nimejifungia jikoni, nihurumie unipe shauri. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa karibu na Itumbe, na korona ilipofunga shule nilianza kufundisha kwa simu, shule zikafunguliwa na watoto wakarudi, lakini watu wazima walioacha masomo wakaniomba nisiwatupe, basi nikaendelea nao jioni, darasa likanoga, wengine wako Nyakoe huko, na mwaka huu wanafanya mtihani wa kidato cha nne. Sasa kuna mmoja alijiandikisha kwa jina la Majani Chai, kamera hafungui, majibu ya aljebra anayoandika ni vituko vitupu, nami namkaripia bila huruma, "Wewe Majani Chai, umelala?", hadi Jumanne nikachoka nikaamuru kila mtu afungue kamera, na lo! Ni baba mkwe wangu, amevaa koti na tai, ameketi juu ya kitanda chake!

Mama, ensoni yetu Abagusii, ile heshima ya kuoneana aibu na wakwe, unaijua. Jina la baba mkwe sijawahi kulitamka, chumbani kwake sijawahi kukanyaga, na sasa nimeona hadi rangi ya blanketi. Niliwaambia wote mtandao unapotea, nikazima simu, na tangu siku hiyo sijafundisha. Mume wangu anacheka tu. Je, nifunge darasa kabisa?

Mwenye Aibu, Nyamira

Wewe mwalimu, hebu toka jikoni! Pole, aibu hiyo naielewa, mimi mwenyewe nimewahi kumkimbia baba mkwe sokoni Mosocho nikaacha ndizi zangu. Lakini aliyeamuru kamera zifunguliwe ni nani? Si wewe? Mzee wa watu alimtii mwalimu wake, nawe ukamzimia simu. Eti mtandao! Unadhani hajui?

Mtihani hausubiri blanketi. Leo hii nenda kwa mama mkwe, yeye ampelekee mzee ujumbe kwamba atoke kitandani, asomee sebuleni. Kamera za darasa zima zifungwe. Na jina usihangaike nalo. Kwa nini alijiita Majani Chai? Ni ili usije ukalazimika kumtaja. Amekuchungia ensoni kutoka siku ya kwanza.

Akikosea aljebra, msahihishe vizuri tu. Ila hilo la "umelala" liache. Mtu aliyefunga tai kuja kwenye somo lako hakuwa amelala.