Ukurasa wa Mwanao

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo wa shemeji umeanza kumwachia, na ile cherehani mpya imeacha ugomvi wake wa kukata nyuzi. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi tu, na bado anagombana na redio kila inapotangaza habari asizozipenda.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, na najua nimechelewa kujibu. Uliniuliza kama kazi yangu ya tovuti ya ofisi ya makaburi imekwisha, maana tangu mhamie huko mbali hujaweza kuja, na ungependa angalau uuone ukurasa wa mwanao kwenye simu. Tovuti ilifunguliwa Jumatatu. Lakini kuna mambo nataka uyajue kabla hujautafuta.

Fundi aliyenitangulia alitengeneza kila ukurasa peke yake, tangu jina la ofisi juu mpaka namba ya simu chini. Namba ilipobadilika, alirekebisha kurasa mia mbili kwa mkono, akachoka, zilizobaki akaziacha na ya zamani. Ikawa watu wanampigia muuza vipuri fulani kumuulizia ndugu zao walikozikwa. Mimi nilizifuta zote. Nikatengeneza umbo moja tu la ukurasa, lenye nafasi wazi katikati, na majina, tarehe na namba za makaburi nikaziingiza kwenye hifadhidata, yaani daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta. Mtu akitafuta kaburi, umbo linabaki lile lile, katikati panajazwa habari za marehemu wake. Wewe utanielewa haraka: una karatasi moja unayokatia sare za shule nzima, kinachobadilika ni kitambaa. Tajiri na maskini wamepata ukurasa wa aina moja, na hilo lilinipendeza sana.

Taabu ilitokea kwa wasio na majina. Kichwa cha ukurasa huchukuliwa kwenye nafasi ya jina. Ikiwa tupu, juu panabaki pengo, na maandishi ya chini yanapanda juu ya picha ya lango. Walikuwa mia nne na kumi na wawili, karibu wote vichanga. Mkuu wetu, ambaye tunamwita Bwana Kesho kwa kupenda kuahirisha, safari hii alikuwa na haraka. Aliniambia niwafiche, tovuti ifunguliwe ikiwa safi, wao tutawashughulikia baadaye. Nikamwambia sitawaficha. Akaniuliza kama nimesahau nani mkuu wa ofisi. Nikamjibu kwa adabu kwamba sijasahau, ila hiyo baadaye ya ofisi yetu naijua, na nikamwomba siku mbili.

Siku hizo mbili hata chai nilinywea pale pale kwenye kiti. Nilipanga upya ili jina likikosekana, ukurasa useme "Mtoto wa", lifuate jina la mama, kisha tarehe na namba ya kaburi. Halafu nikazifungua kurasa zao zote, mmoja baada ya mwingine, nijiridhishe. Bwana Kesho alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma kama kumi hivi. Mwisho akasema, "Waache wakae."

Dada, mmoja wao ni wako. Kaburi namba 2217. Ukurasa unasema "Mtoto wa" na jina lako, na siku mbili alizoishi.

Utashangaa, kwa sababu wewe jina ulimpa. Ningeweza kukupigia simu, lakini ungenisikia nalia ungeanza kunibembeleza, na kwa hili sistahili kubembelezwa. Karani aliyeandika daftari la makaburi hakukosea. Ulipokuwa bado umelazwa, ulinishika mkono ukaniambia umempa mwanao jina langu, niende na mjomba nikamwandikishe hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Karani aliponiuliza jina, kalamu yake ikiwa imeshagusa karatasi, niliogopa. Sikutaka kuliona jina langu kwenye daftari la waliozikwa. Nikasema mtoto hana jina. Mjomba alikuwa nje akiongea na wachimbaji, hakusikia. Nikarudi hospitali nikakwambia tayari, nawe ukanishukuru. Shukrani hiyo nimeibeba miaka kumi na moja.

Ningeweza kulijaza jina kimya kimya, maana hifadhidata iko mikononi mwangu, na usingejua kamwe. Sikutaka kukudanganya mara ya pili. Nimeuliza utaratibu: inatakiwa fomu yenye sahihi ya mama na ya aliyeandikisha. Nimeiambatanisha hapa. Nafasi ya jina nimeijaza mwenyewe kwa wino, jina letu mimi na yeye. Sahihi yangu iko chini. Yako ikifika, nitaliingiza siku hiyo hiyo. Ukiona huwezi kuniandikia kwa sasa, usiniandikie, nitaelewa. Ila fomu irudishe.

Mama hajui. Nitamwambia mwenyewe Jumapili hii, wala usinitangulie kunitetea. Anakusalimu, na anasema magauni uliyomshonea yamemkaa vizuri mabegani. Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
wajina wa binti yako