Mkomamanga wa Bi Salha

Kibokoni, Mombasa
5 Agosti 1999

Mayi mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mgongo wa Papa haumsumbui sana akitoka kiwandani. Mimi mzima, ila mbu wamenila hadi Senge ananipaka mafuta ya nazi kama mtoto mchanga. Anauliza kwa nini Papa, kaka yake, hajamwandikia tangu Pasaka.

Mji huu una muziki kila mahali. Jana tulisimama karibu na ngome tukasikiliza zumari, na wazee wenye kanzu wakicheza polepole na bakora zao, bila haraka yoyote. Milango imechongwa maua. Nilipapasa mmoja na mwenyewe akaufungua! Nilikimbia.

Senge amepanga chumba kwa Bi Salha. Ni mjane, hana mtoto. Uani kwake kuna mkomamanga mmoja, na chini yake ndipo ninaposomea. Siku ya kwanza nilimwambia, "Nipe chai." Akacheka: "Hapa chai huombwa, mwanangu." Mimi niliyepewa zawadi ya Kiswahili shuleni! Lakini sasa kila asubuhi ananiita mwanangu, na ananisahihisha taratibu ili Senge asisikie.

Ametualika kwenye harusi ya mpwa wa marehemu mume wake. Kutakuwa na taarab. Naogopa watu wengi, kwa hiyo nitakaa nyuma na kitabu.

Mwanao,
Nelima

*

Kitengela
10 Agosti 1999

Kwa binti yangu Nelima,

Pokea salamu nyingi kuliko vumbi la hapa. Sisi tuko wazima. Mgongo wa Papa uko vile vile, na mdomo wake pia.

Kakuta wa maziwa anakuuliza kila asubuhi. "Sopa, Mama Nelima! Mtoto ameenda kuangalia maji tu? Ng'ombe wanakunywa hiyo?" Nikamwambia iko na chumvi. Akasema, "Basi alete hiyo chumvi. Wangu wanalamba mawe."

Sasa sikia. Usiende kwa sherehe ya watu kukaa nyuma na kitabu. Hata kanisani unaimba mdomo umefungwa, mpaka pasta aliniuliza kama uko na shida ya meno. Huyo mama anakuita mwana wake. Mfurahie mbele ya watu. Wakisimama, simama. Wakipiga makofi, piga. Usiniletee tena hadithi za nyuma ya ukumbi.

Mayi wako

*

Kibokoni
16 Agosti 1999

Mayi mpendwa,

Hamjambo? Mwili wangu ni mzima. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana.

Jumamosi alasiri wanawake walikusanyika uani kwa kina bibi harusi. Muziki ulikuwa mtamu hadi nikasahau kufungua kitabu. Niliona wengine wakiinuka katikati ya wimbo, wakicheza hadi mbele na kumtuza mwimbaji noti. Senge alikuwa amenipa noti. Nikakumbuka maneno yako.

Ndipo mwimbaji akaimba:

Mkomamanga uani, wapendeza kwa majani,
Tunda halionekani, wajisifia kwa nini?

Nilidhani ni wimbo wa mti wetu, Mayi! Nilidhani mwimbaji ameuona na anautania. Nikainuka. Nikacheza, mimi, hadi mbele. Nikampa noti yangu, kisha nikageuka na kumnyooshea Bi Salha mikono yote miwili, nikitabasamu, ili kila mtu ajue mti ni wa nani.

 Upande wa mawifi zake Bi Salha vikapigwa vigelegele, vile ambavyo si vya furaha. Mtu akasema, "Weee! Kitoto cha bara kimempasha!" Senge akanivuta gauni: "Keti! Keti, jamani, umetuua!"

Alinieleza njiani. Huku anayeinuka kutuza ndiye mwenye yale maneno, na anayenyooshewa ndiye anayeambiwa. Mti ni mwanamke. Tunda ni mtoto. Mawifi wamemwimbia Bi Salha wimbo huo tangu ndoa yake ilipokuwa changa, lakini hakuna aliyewahi kumnyooshea mkono.

Bi Salha aliondoka kwa mlango wa jikoni. Buibui lake lilibaki kitini. Tangu jana hajafungua mlango, na Senge anasema huenda tukatafuta chumba kwingine. Sisomi tena uani. Nikiuona ule mti naona haya kama vile unanitazama.

Nataka kurudi nyumbani. Tafadhali mwambie Senge aniruhusu.

Nelima

*

Kitengela
20 Agosti 1999

Nelima wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa.

Ni mimi nilikwambia simama. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini kuna kitu sijawahi kukwambia. Kabla uzaliwe, nilikaa kwa nyanya yako kwa muda mrefu bila mtoto, na wanawake wakija kutwanga mahindi waliimba. Hawakutaja jina. Walikuwa wanaangalia kinu tu. Wimbo haukuwa wa mkomamanga, lakini ungeusikia ungejua ni huo huo. Nilikuwa natoka na mtungi kwenda mtoni hata kama ndani ya nyumba kulikuwa na maji.

Kwa hivyo usirudi. Ukirudi sasa, huyo mama atabaki na mikono yako miwili mbele ya macho yake mpaka afe. Enda ubishe. Asipofungua, bisha kesho.

Papa hajui. Nimemwambia uko na malaria kidogo.

Mayi wako

*

Kitengela
27 Agosti 1999

Nelima,

Hujambo? Mbona kimya? Kakuta ameuliza mpaka ameacha kuuliza. Papa naye anataka kukutumia dawa ya malaria. Andika hata mstari mmoja.

Mayi wako

*

Kibokoni
30 Agosti 1999

Mayi mpendwa,

Nisamehe kwa kunyamaza. Sikutaka kuandika kabla sijawa na la kukwambia. Mwambie Papa nimepona.

Nilibisha kila asubuhi. Nilisema "Hodi," na ndani nilisikia kijiko kikikoroga chai, basi. Siku moja mlango ukafunguka kidogo.

"Wataka nini?"

"Shikamoo, Bi."

Hakuitikia. Mayi, hilo liliniuma kuliko kofi.

"Ulidhani wimbo wasema nini?"

"Mti, Bi. Nilidhani ni mti wako huu."

Alinitazama sana. Nafikiri alitaka kucheka, lakini hakucheka. "Haya, mimi nimekuamini. Na wale wote waliokuwepo, nao niwaendee mlango kwa mlango niwaambie ni mti?"

 Nilikaa na swali hilo siku mbili, sili vizuri.

Juzi Jumamosi kulikuwa na shughuli nyingine mtaani, mwimbaji yule yule. Bi Salha alikuja, maana asingekuja wangesema anajificha. Nilimwendea mwimbaji nikamwomba aimbe ubeti niliotunga. Akausoma, akanirudishia. "Uimbe mwenyewe. Mimi nitakushikia sauti."

 Nilisikia wasichana wakiiga matamshi yangu kabla sijafika mbele. Nikaimba, mdomo wazi:

Kivuli chako uani, kimenilea mgeni,
Tunda mwatafuta nini, nami niko kivulini?

Hakuna aliyepiga kigelegele. Udi uliendelea peke yake. Nilitazama miguu yangu, nikaona kiatu kimoja hakijafungwa kamba, nikatamani nife nikiwa nimekifunga.

Ndipo Bi Salha akainuka. Alikuja polepole, kama wale wazee wa bakora. Akaniwekea noti kiganjani bila kunitazama usoni. Kisha akageuka, akawanyooshea mkono mawifi zake, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho. Wakatazama chini. Sasa maneno yalikuwa yake.

Usidhani mambo yameisha vizuri kama vitabuni. Hajaniita mwanangu tena. Ananiita Nelima. Jana nilisalimia akaitikia "Marahaba," na nikangoja neno la pili, halikuja. Bado naona aibu, Mayi, na nikikumbuka mikono yangu ile miwili najifunika shuka mchana.

Lakini Senge hahami. Na leo asubuhi nikianza kupanga begi nilimsikia Bi Salha akimwambia mlangoni, kwa sauti ambayo alijua nitaisikia:

"Likizo ya Disemba, huyo mtuzaji wako aje mapema. Nitamfundisha kwanza nyimbo za kukaa kitini."

Nitafika Jumamosi. Mwambie Kakuta chumvi yake iko ndani ya soksi.

Mwanao,
Nelima