Pumzi za Dakika Moja

Nyumba ya Geti la Buluu,
Mtaa wa Nyuma ya Shule,
S.L.P. 47.
24 Januari.

Mpendwa mdogo wangu, Kitinda,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe na mkeo na yule mtoto ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Hamjambo? Baridi imepungua? Unakula ukiwa umekaa, au bado ni yale maisha ya mkate mkononi na mguu mlangoni? Jibu kila swali, usiyaruke kama ulivyokuwa ukiruka maswali magumu kwenye mtihani.

Hapa ndipo ninapotakiwa kuandika kwamba sisi huku tu wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Niliandika hivyo katika barua zangu zote za mwaka jana, nawe ukaamini, kwa nini usiamini? Safari hii sitaandika. Hofu ni kwetu, na nitakueleza taratibu, kwa hiyo usirukie ukurasa wa mwisho.

Shule zimefunguliwa wiki tatu sasa. Unajua mwezi huu ulivyo kwangu, cherehani haipoi. Kila mzazi anajua tangu mwaka jana kwamba mtoto amerefuka, lakini kitambaa analeta Jumapili jioni na sare anaitaka Jumatatu asubuhi, tena ananilaumu mimi. Nimeshona kaptula hadi mgongo umekataa kunyooka.

Na kwa kuwa ukuta wangu na ukuta wa shule ni mmoja, nasoma nao bila ada. Darasa la kwanza wanafundishwa kushika penseli na kupanga mstari bila kusukumana, penseli wameiweza. La tatu wameanza kuzidisha, na kuna mmoja mwenye sauti kubwa ambaye kila siku anasema saba mara nane ni hamsini na nne, na wenzake wanamfuata kwa moyo wote. Karani wetu yuko la tano. Bado namwita Karani huyu binti wa kaka, maana hajaacha tabia yake, hapiti kitu bila kukiandika. Ana daftari la nani amekuja na nani ameondoka, na siku akiolewa mumewe atajuta.

La tano muhula huu wameanza na mwili wa binadamu, upande wa upumuaji. Mwalimu wao wa sayansi ni mgeni, binti mdogo mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Alichora mapafu ubaoni kwa chaki nyekundu, halafu akawapa kazi ya nyumbani. Kila mtoto amketishe kila mtu wa nyumba yake, akiwa ametulia, ahesabu pumzi zake kwa dakika moja. Afanye hivyo siku tatu na ajaze jedwali. Kitabu kinasema mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kumi na mbili hadi ishirini.

Basi Karani akaja kuazima saa yangu, akaanza na mimi. Kumi na sita. Mama yake kumi na saba. Kisha akaenda kwa baba yake, ambaye alikuwa amerudi kazini, ameoga, amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Thelathini na moja. Akahesabu upya, thelathini na mbili. Kaka akasema saa ya shangazi yako ni mbovu kama mwenyewe, tukacheka wote. Nakuungamia, Kitinda, na mimi nilicheka.

Nisikufiche tena. Kaka amekonda mpaka mashati nimeyapunguza mara tatu, na mara zote tatu nilijiambia ni kazi nyingi. Anakohoa, anasema ni vumbi tu. Ile mashine ya kukatia mawe huhitaji nikueleze, umesimama nayo miaka minne. Bado wanakata mawe makavu, kwa sababu tajiri wao anasema maji yanachelewesha kazi na kuchafua sakafu. Bado kinga yao ni leso ya kufunga mdomoni. Unakumbuka tulivyokuwa tukiwatania mkirudi mna nyusi nyeupe, tukiwaita wazee wetu, mpaka mnawe mrudi kuwa vijana. Siku hizi kaka ananawa na uzee unabaki.

Ijumaa ya wiki hiyo Karani alirudi na daftari, uso umevimba kwa kulia. Kwenye mstari wa baba palikuwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu, na maneno: Haiwezekani, hesabu upya. Mtoto ambaye hajawahi kukosa hesabu. Jumatatu akarudisha daftari shuleni, akarudi na alama ya vyema, nami nikafurahi na kumpa vifungo vya rangi achezee. Sikuuliza kitu.

Jumanne alikuja kufanyia kazi zake kwenye meza yangu ya kukatia, akaliacha daftari wazi. Nikasoma mstari wa baba yake. Kumi na nane, kumi na nane, kumi na tisa. Karatasi pale ilikuwa imefutwa kwa raba mpaka ikatoboka. Pembeni mwalimu ameandika: Vizuri sana.

Nilimuuliza mara ya kwanza, akaendelea kuchonga penseli. Mara ya pili akasema bila kuniangalia, "Baba aliniambia niandike kama watu wengine."

Hasira iliyonipanda unaijua, umewahi kuionja kwa fimbo. Nilimsubiri kaka getini. Alikuja anatembea kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, hatua nne anasimama, hatua nne anasimama, na mimi nilikuwa nimeshazoea kumwona hivyo. Nikamwambia yote yaliyokuwa mdomoni mwangu, kwamba kumfundisha mtoto uongo ni aibu, tena mtoto yule. Hakubisha. Alingoja nimalize, akashika nguzo ya geti. "Namba ya kweli itanisaidia nini?" akasema. "Ikijulikana, kesho mashine yangu ina mtu mwingine." Wifi alikuwa anaanua nguo na akaendelea kuanua. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba tangu mwezi wa saba mumewe analala amekaa, na mito yote ya nyumba iko mgongoni mwake. Kila mtu ndani ya geti hili alikuwa na kipande chake cha ukweli amekificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilitaka kumwambia kaka hivyo, lakini nikaona sisi wote tumeshiriki kuyaficha.

Kesho yake nilifunga cherehani, nikaenda shule. Nilikuwa nimejiandaa kumwaga maneno, si utani. Nikaweka daftari mbele ya yule mwalimu, nikamwambia namba aliyoikataa ndiyo ya kweli na aliyoisifu ni ya uongo. Nilitegemea anijibu kwa ukali. Aliniuliza tu baba wa mtoto anafanya kazi gani, nikamjibu.

Akainuka, akafungua kabati, akatoa madaftari mengine ya darasa zima, pamoja na hilo yakawa arobaini na matatu, akaanza kuyapekua. Alikuwa ameandika Haiwezekani kwenye madaftari sita. Akawa ananitajia mtoto mmoja mmoja, nami ninayewashonea wote nikawa namwambia wazazi wao. Mkata mawe. Mkata mawe. Mpiga msasa wa karakana ileile. Mkata mawe. Wa tano alikuwa Karani. Wa sita, mama yake ndiye anayefagia pale, mwanamke wa miaka ishirini na saba, nimemshonea gauni la harusi juzijuzi tu. Kati ya hao sita, wanne walikuwa wamesharudia kazi na kupata Vizuri sana.

Mwalimu alifunika kalamu yake nyekundu akaiweka mbali naye. "Watoto walinieleza ukweli," akasema, "nami nikawafundisha kusema uongo." Yale matusi yangu yote yakaniishia, nikajikuta namshika mkono kama mtu aliyefiwa.

Jioni hiyo alikuja nyumbani mwenyewe. Akamsalimia kaka kwa heshima, akakaa, akamwomba amruhusu ahesabu kwa saa yake. Kaka unavyomjua, mgeni hamnyimi kitu, na mwalimu wa mwanawe hasa. Akakubali. Ila alijaribu kutudanganya, Kitinda. Alijaribu kupumua polepole. Niliona mishipa ya shingo imesimama, anaivuta pumzi na kuibana, anaiachia kidogo kidogo, macho amekaza kwa Karani aliyekuwa amesimama na daftari lake. Aliweza karibu nusu dakika. Kisha kikohozi kikamkamata, kikamwinamisha mpaka paji la uso likagusa magoti, na mwalimu akaacha kuangalia saa. Kilipotulia kaka akafuta mdomo, akasema haya, nipelekeni huko mnakotaka kunipeleka.

Tulikwenda hospitali wiki iliyopita, mimi, wifi na yeye. Wakampiga picha ya kifua. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akatuonyesha panapotakiwa kuwa peusi pamejaa madoa meupe, juu mpaka chini. Akasema ni vumbi la mawe, limeingia ndani ya mapafu na limeganda humo, na dawa ya kulitoa hakuna. Kazi aiache leo, si mwisho wa mwezi, ili kidogo kilichobaki kisiharibike. Wifi akamuuliza ni muda gani. Daktari aliendelea kuiangalia picha. Akasema mwenye watoto ni vyema ayapange mambo yake mwaka huu. Tulirudi kwa miguu ya kaka, hatua nne na kusimama.

Kazi ameiacha. Siku ya pili tu mashine ilikuwa na mtu mwingine, kama alivyosema. Mwalimu amekusanya wale wazazi wengine, nao wanaenda mmoja mmoja kwa woga, na mfagizi ameenda wa kwanza. Tajiri wa karakana amepeleka malalamiko kwa mwalimu mkuu kwamba shule inafundisha watoto uchochezi. Mwalimu mkuu amemtaka yule binti aruke mada ya upumuaji aende ya mimea. Jana nilimsikia kupitia ukutani, bado yuko kwenye upumuaji.

Sasa sikiliza. Daktari alituuliza nani mwingine aliwahi kufanya kazi pale, hata kama ameacha miaka mingi, kwa sababu ukiondoka wewe vumbi haliondoki. Mimi nikakutaja. Kaka hakuwa amelia kwa ajili yake mwenyewe, si kwa picha wala kwa maneno ya daktari. Niliposema jina lako alilia mbele ya wale manesi. "Mimi ndiye niliyempeleka pale," akasema. "Alitaka kusomea umeme, nikamwambia jiwe halikosi mteja." Tangu siku hiyo hajauliza habari ya kitu kingine isipokuwa wewe.

Katika barua yako ya mwezi wa kumi uliniandikia kwamba kikohozi cha baridi hakikuacha hata kiangazi, na kwamba ngazi za huko zinakuchosha, siku hizi unapumzika katikati. Nilipoisoma nilicheka, nikamwambia wifi Kitinda amenenepa. Nimeisoma tena leo asubuhi na sikuweza kuimaliza.

Wifi anakusalimu. Yule shangazi yetu mkubwa aliyeko nawe ughaibuni mwambie sijamsahau, ila asisomewe barua hii, presha yake haitaki. Mpe mkeo mkono wangu na mtoto wako mbusu kwa niaba yetu. Kaka anakusalimu sana. Alitaka nikuandikie kwamba hajambo, nikamwambia katika nyumba hii tumeacha hesabu za namna hiyo.

Karani amechora jedwali upya kwa rula. Namba za baba yake amezirudisha za kweli, hakuna palipofutwa. Chini yake ameongeza mstari ulioandikwa Baba Mdogo, una visanduku vitatu vitupu, na mwalimu amesema atamsubiri.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma usiinuke. Kaa hapo hapo, utulie, mpe mkeo saa, wewe usiishike. Asikwambie ameanza lini. Usijibane kama kaka alivyojibana. Kisha niandikie namba yenyewe, hata ikiwa ya kututoa machozi, nayo iwe ya kwanza kwenye barua, kabla ya salamu. Mungu akulinde huko uliko, mdogo wangu, na atusamehe sisi tuliocheka. Kaka ameshasogeza kiti chake kutoka mlangoni hadi getini, anamngoja mleta barua.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu nilipokubeba mgongoni,

Fundi.