Kwa Mwalimu Nathan Ngeleja, Uliyetupeleka Tenkini

Baba Martina, mwaka umekatika tangu Bwana alipokuita katikati ya muhula, chaki ikiwa bado mfukoni mwa shati. Shati hilo sijalifua. Najua ungenigombeza, wewe uliyependa nguo zinyooke kila siku kama unakwenda harusini. Niache hivyohivyo, mume wangu. Ndilo lililobaki na harufu yako.

Pale Soga, kwenye shule ya msingi ya kanisa ulikofundisha mpaka ukaota mvi, asubuhi bado inaanza kwa ibada mstarini. Wanaimba, wanasoma neno, halafu wananyamaza kidogo ili kila mtoto amwombe Mungu jinsi alivyofundishwa kwao. Kimya kile ulikitaka wewe, kwa ajili ya watoto wa Kiislamu, na hukukubali kiondolewe. Ulisema mtoto akilazimishwa kusali atajifunza kudanganya tu.

Lakini zaidi ya yote wanakukumbuka kwa tenki la maji. Ulikuwa husomi neno kama kuna waliogombana. Uliwatazama usoni ukawajua, sijui ulijuaje. "Bwana Yesu alisema patana kwanza na ndugu yako, ndipo uje utoe sadaka," uliwaambia. "Haya, tenkini! Mlejee ndugu." Lafudhi ya kwetu Usukumani haikukutoka hata siku moja, na shule nzima ikaiga: mlejee ndugu, yaani mrejee mkiwa ndugu. Wawili wakaenda nyuma ya tenki, wengine wakasubiri juani. Uji ukapoa, mwalimu mkuu akatazama saa. Wewe ulisimama tu, mikono nyuma, mpaka warudi wamepeana mikono. Hata walimu wenzako, nasikia, ulishawapeleka.

Bwana Latifu, aliyehamia Soga kutoka Marui kwa biashara ya nazi, alikuja siku moja kuuliza binti yake Faudhia anafundishwa nini asubuhi. Ukamwambia, "Simama nasi uone." Siku hiyohiyo Faudhia na mwenzake wakapelekwa tenkini kwa kugombea dawati. Baba mtu akasubiri juani pamoja na shule. Hakurudi tena kuuliza, ila nazi alituletea.

Sasa nikwambie la nyumbani, maana hukupenda kufichwa. Mazishi yako yalitugawa. Mdogo wako Maduhu alitaka ulale Vihingo, kwenye shamba mlilohamia kutoka Usukumani, kando ya mama yenu. Binti yetu Martina akasema baba atalala Soga, karibu na watoto wake wa shule. Maneno yalikuwa makali mbele ya jeneza. Tukakuzika Soga, na Maduhu akaondoka bila kugusa chakula. Tangu hapo hawakusalimiana. Martina huyuhuyu, aliyebeba jina la bibi yake, ambaye Maduhu alimwita "mama" tangu akiwa mchanga! Na kaburi lako likabaki udongo mtupu, kwa sababu wa kukaa pamoja kupanga lijengewe hawakai pamoja. Mvua ikalichimba. Niliumia, baba Martina. Nilikuwa naona aibu kupita pale.

Jumapili mbili zilizopita Bwana Latifu alikuja kuulizia maandalizi ya ibada yako ya kumbukumbu. Nikamwambia shemeji yangu haji. Akaweka kofia yake sawa, akasema, "Mama Martina, mimi si mtu wa kanisa lenu. Lakini ibada ya mwalimu naijua. Haianzi watu wamenuniana."

Kesho yake nikawapigia simu Maduhu na Martina waje shuleni, kila mmoja nikimwambia nina shida kubwa. Wala haukuwa uongo. Walipokutana nyuma ya tenki, Maduhu akageuza pikipiki.

"Shemeji," nikamwambia, "ungekuwa mtoto wa darasa la tatu, Nathan angekuruhusu uondoke?"

Akazima.

Martina ndiye aliyeanza. "Shikamoo, baba mdogo."

Maduhu akashuka kwenye pikipiki. "Marahaba, mama," akasema. "Nilikuwa sitaki alale peke yake."

"Halali peke yake, baba. Sikiliza."

Watoto walikuwa mstarini wakiimba wimbo wa kufungia siku. Maduhu akalia, mwanaume mzima, na mwanao akamshika mkono kama mgonjwa. Mimi nilijifanya nakagua koki ya tenki.

Wiki ileile akaleta tofali na saruji, na Martina akachota maji ya kukorogea palepale tenkini. Kaburi lako limejengewa, mume wangu. Ni zuri. Sasa napita pale bila kuinamisha kichwa.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika Jumamosi hii, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Ndugu, jirani, na wewe uliyewahi kufundishwa naye, karibuni nyote, wa dini yoyote. Mwenye kinyongo na mwenzake apitie tenkini kwanza. Tutamsubiri.

Unakumbukwa na mimi mkeo Esteria, wanao Martina na Zawadi, mdogo wako Maduhu wa Vihingo, wajukuu wako, walimu na wanafunzi wako, na Bwana Latifu pamoja na nyumba yake yote.

Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazopewa. Soma neno, Mwalimu. Tumelejea ndugu.