Nafasi Yako Bukini

Mwanaesha, rafiki yangu,

Umekubaliwa. Nimeanza na hilo kwa sababu sijui pengine pa kuliweka. Chuo cha udaktari cha Bukini, kule Antananarivo, kimejibu, nawe umeshazikwa kwenu Mutsamudu. Bahasha nimeifungua mimi, kwa kuwa sote wawili tulitumia anwani ya mjomba wangu hapa Moroni. Majibu yalikuja pamoja. Lako lilisema ufike masomo yakianza. Langu lilisema cheti cha Kiingereza hakilingani na bakaloria, cheti cha Kifaransa cha kumalizia sekondari, kwa hiyo wanasikitika.

Vipi, Mwanaesha? Unguja tulikaa dawati moja. Mtihani mmoja, alama zile zile, mpaka wenzetu wakatutania kwamba tumeibiana majibu. Mambo ya Unguja yalipoharibika kwa mapinduzi, wazee wetu wakaturudisha huku visiwani kwetu, na vyeti vyetu vikafasiriwa na mtu mmoja, kwa mkono mmoja. Nilikwenda ofisi ya elimu kuuliza. Karani alisoma barua zote mbili, akazigeuza nyuma kana kwamba sababu iko huko.

"Labda zimesomwa na watu wawili, dada," akasema. "Wallahi hata mimi sifahamu."

Nilicheka, halafu nikalia mbele yake. Nilikuwa nakulilia wewe au najililia mwenyewe? Mpaka leo sijui. Mtu anaweza kumwonea wivu maiti? Mimi nilikuonea.

Nikapanda meli kwenda Mutsamudu kumwonyesha mama yako. Sielewi nilikuwa nafikiri nini. Alinipokea kwa Kiswahili, maana anasema ndicho alichokulelea, na mtaani kwao hana wa kuzungumza naye. Nikamsomea barua, nikimfasiria neno kwa neno. Akaingia ndani, akatoka na koti lako la sufu, lile ulilonunua tuliposikia Bukini kuna baridi. Akanivisha mwenyewe.

"Nenda wewe," akasema. "Nenda kwa jina lake."

"Mama, itawezekanaje?"

"Karatasi zake zipo. Kimo chenu kimoja. Nani huko anamjua Mwanaesha? Wewe utapata udaktari, nami nitakuwa nasikia Mwanaesha kafaulu. Una hasara gani, mwanangu?"

Nilikaa kwenu siku kadhaa, asubuhi nimekubali, jioni nimekataa. Nilijaribu hata kuiga saini yako. Majirani zenu wananiita Mngazija, mtu wa kisiwa cha Moroni. Moroni mimi ni yule wa Unguja, na Unguja tulikuwa wageni vilevile. Nikajiambia, mtu mwenye majina yote haya, akiongeza na lako kuna ubaya gani?

Siku moja mama yako akaita, "Mwanaesha, njoo ule." Nikadhani ulimi umeteleza. Akaita tena, nikaitika. Uso wake uling'aa, Mwanaesha. Uling'aa hata nikaogopa, kwa sababu hapo ndipo nilipotambua kwamba nikienda kwa jina lako, hatakuwa na maiti wa kumlilia.

Nikavua koti. "Mama, mimi ni Salima. Mwanaesha amekufa."

Alinipiga ngumi kifuani, moja, ya pili, kisha akaniangukia akalia kwa sauti mpaka wanawake wa uchochoroni wakaingia bila hodi. Waliniambia hakuwa ametoa chozi tangu siku ya maziko.

Sijui kama amenisamehe. Aliponiaga hakunipa mkono, lakini alinifungia maandazi ya njiani. Niyaelewe vipi hayo?

Sasa nimeandikishwa lisee, sekondari ya Kifaransa ya hapa Moroni, darasa la mwisho, nikae na watoto walionipita Kifaransa. Ini lile lile tulilolichora Unguja nalijifunza upya kwa jina jingine. Mwalimu alipoeleza homa inayotia macho umanjano, nilitoka nje. Ulipougua nilikaa kitandani pako, nikayaona macho yako yamekuwa hivyo hivyo, na elimu yetu yote haikunipa hata jina la ugonjwa.

Leo nimewaandikia Bukini. Kwa Kifaransa changu kibovu nimesema kwamba mwanafunzi waliyemkubali amefariki kwa homa kabla jibu halijafika, nafasi yake apewe mwingine. Nilitamani kuongeza, "nipeni mimi." Sikuongeza. Sijui kama huo ni uungwana au ujinga, na wewe ndiye ungeniambia.

Ninachokuahidi ni hiki: mtihani wao wa bakaloria nitaufanya, nikianguka nitaurudia. Na kila Idi nitakwenda kubisha kwa mama yako, anifungulie au asinifungulie.

Nakuacha kwa Mola wako, Mwanaesha. Yeye hahitaji kufasiriwa cheti cha mtu.

Salima