Mkwe Halipwi

Kizota, Dodoma

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshtuka kuletewa bahasha na kondakta wa basi badala ya kusikia simu ikilia. Nimeandika kwa sababu wewe ukipokea simu unaweka sauti ya nje, na kabla hujasema "enhe" kaka Gwamaka ameshasikia, wifi ameshasikia, na Tusekile ameshasikia kuliko wote. Haya ya leo ni ya macho yako peke yako. Vaa miwani, kaa kule jikoni, na ule mfuko wa karanga uliokuja na bahasha waachie wenyewe sebuleni watafune ili wasikusumbue.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kuliko inavyoponya, umeimaliza au umeitupa? Mpunga najua mmeshaingiza ndani, na kakao wifi aliniambia mwaka huu imebeba vizuri. Nashukuru. Mimi huku mwili ni mzima, nakula, nalala, makelele ya mafundi wanaokata vyuma vya mageti hapa jirani nimeshayazoea. Ila kichwa changu mama sikielewi. Pasaka uliniuliza swali moja tu, kama namchukua mwanangu Tusekile aje aanze muhula wa pili huku kwangu, au abaki kwako mpaka amalize la saba. Nikasema nitakupigia. Sikupiga, kwa sababu kila nikitaka kujibu najiuliza nitamlisha kwa kazi gani, na kazi yenyewe siku hizi sijui niiite nini.

Unajua niliacha studio ya watu nikanunua droni, ile mashine ya mapanga manne niliyokuonyesha, inayopanda juu na kamera yake. Nilisoma, nikafanya mtihani, nikaisajili, nikapewa kibali cha kupiga picha za angani. Nikadhani nimemaliza. Kumbe kuwa na kibali ni jambo moja na kuruhusiwa kuruka mahali fulani siku fulani ni jambo lingine. Huu mji una wakubwa wengi, na kuna sehemu huruhusiwi hata kuitoa droni kwenye begi. Naenda ofisi hii wananiambia anza na ile, naenda ile wananiambia ulipaswa kuanza na hii. Wananijibu kwa upole kabisa, wengine wananipa kiti, ndiyo maana hata hasira nashindwa kuipata. Kuna harusi moja ruhusa yake ilitoka Jumatatu. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyotangulia.

Halafu wapo wanaorusha kwa raha zao. Hao ndio wanaoniumiza. Kulikuwa na kamati ya harusi hapa Kizota, tumeshaelewana kila kitu, mwenyekiti akanipigia kuniambia pole dada, tumepata kijana anatufanyia bure. Nilikwenda kwenye hiyo harusi bila kualikwa, ili nimwone huyo kijana. Nilimkuta amekaa pembeni na sahani ya pilau, droni yake iko kwenye majani, uso umemng'aa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Anaitwa Yohana Ndahani, Mgogo wa hapahapa, katikati ya wiki ni mhasibu kwenye ofisi moja, na Jumamosi anarusha. Nilimuuliza kibali kiko wapi.

"Mimi ni hobi tu, dada," akanijibu. "Sichaji mtu."

Alidhani ananifariji, mama. Alidhani pia kwamba asiyepokea hela hahitaji kibali. Nikamsomea sheria zote ninazozijua, moja baada ya nyingine, mpaka pilau lake likapoa. Alinisikiliza bila kubisha, akaomba namba yangu, na kesho yake akapiga kweli kuuliza aanzie ofisi gani. Nikamwelekeza. Nikaenda naye mpaka mlangoni. Usinicheke, ndivyo ilivyokuwa: mtu anayeniharibia soko nimemsaidia mwenyewe kupata karatasi za kuniharibia kihalali.

Sasa sikiliza. Uwele ulipoanza kukomaa akaja hapa kwangu jioni, mnyonge. Mama yake analima huko mbele ya Zuzu, ni mjane, wadogo zake Yohana wote wametawanyika mijini. Kweleakwelea walikuwa wameshaingia. Wale ndege wadogo unawajua, wakitua shambani wanatua kama wingu, na wakiondoka hujui kama palikuwa na nafaka. Mama yake alikuwa anashinda juu ya dungu, anapiga debe tangu alfajiri. Yohana alijaribu droni Jumamosi na Jumapili, ndege wakakimbia vizuri tu, lakini ndege hawajui kwamba Jumatatu ni siku ya kazi. Likizo yake ameshaimaliza. Akaniomba nikae kule Jumatatu mpaka Ijumaa, niwe narusha asubuhi na jioni, na atanilipa.

Nilifurahi, sikufichi. Nilitamani sana kuiona siku ambayo Yohana angelipia kitu kinachoruka. Nikakumbuka pia ulivyokuwa ukituvua mashuka ili twende kuamia mpunga kabla ya shule, nami nikikuapia kwamba nikikua sitaamia ndege wa mtu yeyote duniani.

Lakini kibali changu kinasema picha. Nikarudi ofisini kuuliza kama kufukuza ndege ni picha. Dada mmoja wa dirishani alinitazama kwa huruma, akaita mwenzake, mwenzake akaita mwingine. Walijadiliana kidogo, kisha yule wa kwanza akanipa jibu.

"Ukiruka, piga picha. Ukifukuza ndege bila kupiga picha, hapo mimi sijui wewe ni nani."

Kwa hiyo mama nina picha za kweleakwelea kuliko mtu yeyote nchini. Wakiruka ninazo, wakitua ninazo, wakinigeuzia mkia ninazo. Hakuna anayezinunua. Barua ya kijiji ya kuniruhusu kuruka sikuhangaika nayo, mtendaji aligonga muhuri haraka sana, kwa sababu shamba lake na la mama Yohana yanapakana.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Narusha kunapopambazuka, betri zikiisha nazipeleka kwenye duka lenye umeme wa jua, na mpaka zijae jua linakuwa utosini na ndege wamejificha kwenye vichaka. Hapo katikati sina la kufanya. Wewe umenilea, unajua siwezi kukaa kwenye kiti cha watu mikono imefungwa. Siku ya kwanza nikaosha vyombo. Siku ya pili nikachota maji, nikamenya karanga, nikasonga ugali wa uwele, na mlenda nikafundishwa kuupika mpaka ukavutika wanavyotaka wao. Mama Yohana alikuwa anakaa ananitazama, anatabasamu, haongei sana. Majirani walianza kupita mmoja mmoja. Wananisalimia "mbukwenyi," naitikia nilivyofundishwa, wanacheka, wanakwenda. Nikaona watu wa huku wana ukarimu.

Wiki ya pili kina mama watatu walikuja kuuliza kama naweza kufikisha droni na kwao. Moyo ukaruka. Nikaanza kuwaeleza bei, polepole, kwa adabu. Wakatazamana. Mmoja akamgeukia mama Yohana akamwambia kitu kwa Kigogo, na mama Yohana akajibu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Huyu ni wa kwetu. Mkwe halipwi."

Mama, nilibaki nimeshika betri mkononi. Kwao mwanamke akija kuamia shamba la mama wa mwanaume, akalala hapo, akaosha vyombo na kusonga ugali, hakuna haja ya kuuliza amekuja kufanya nini. Kijiji kizima kilikuwa kimeshanipokea kama mkwe aliyekuja na mashine yake. Bei yangu ikawa kichekesho, na wale kina mama wakaenda zao wakisema watanitegemea. Uone sasa. Yohana alianza kwa kufanya bure kazi ninayoitegemea, na mimi nimeishia kuifanya bure kuliko yeye. Yeye angalau alikuwa anapewa pilau.

Ningeweza kukana palepale. Sikukana. Nilikuwa na aibu, na yule mama alikuwa ameshika mkono wangu. Jioni yake, baada ya ndege wa mwisho, akiwa amenishika tena mkono, niliona nisimdanganye zaidi, nikamwambia mimi nina mtoto. Msichana, yuko darasa la pili, yuko Kyela. Baba yake ameoa kwingine siku nyingi. Nilitegemea ataniachia mkono, na kwa kweli nusu yangu iliomba auachie ili mambo yaishe. Hakuuachia. Aliniuliza nimekaa mbali naye muda gani, nikamwambia tangu aanze chekechea. Akatazama shamba lake, ambalo safari hii limepona karibu lote.

"Umekuja kulinda uwele wangu," akasema. "Mtoto wako analindwa na nani?"

Nikajibu, na mama yangu. Akatikisa kichwa kukubali, akarudi kutazama shamba. Nawe nakuomba usikasirike, mama, maana hakukuwa na dharau katika swali lile na najua hakuna anayemlinda kukuzidi. Ila lile jibu halikumtosha, na mimi pia halikunitosha. Niliingia ndani nikajifanya natafuta chaja, nikalia.

Jumamosi Yohana alipokuja nikamvuta pembeni, nikamuuliza kama ndiye aliyemwambia mama yake mimi ni mchumba.

"Sikumwambia," akasema. "Lakini sikumkatalia."

Nikamuuliza kwa nini. Akainama, akachezea panga la droni yake kwa kidole.

"Nilitaka nikuulize wewe kwanza. Nilivyofika nikakuta umeshaosha vyombo."

Sasa niambie mtu kama huyo unamjibu nini. Alikuwa amekuja na bahasha ya malipo yangu, hakunidhulumu, akaniwekea mezani. Nikaiangalia bahasha ile kwa muda mrefu. Nikiichukua mimi ni mfanyakazi, na yule mama atajua nilikuwa kibarua siku zote tulizokula sahani moja. Nisipoichukua nimejibu swali ambalo hajaniuliza vizuri. Mwishowe niliichukua, kwa sababu kodi ya chumba haijali mambo haya, na nikamwambia kwamba fedha ni ya kazi na hilo lingine sijalijibu. Akasema sawa. Akasema pia kwamba Jumamosi hatarusha tena harusi za watu bure, maana ameona anachonifanyia. Hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Nilikuwa nimezoea kumkasirikia, ilikuwa inanisaidia kuamka.

Usianze kufurahi huko jikoni, wala usianze kusikitika. Najua utauliza dini, ni Mwanglikana, anasali. Najua utauliza kama anakunywa, sijamwona. Kama nampenda sijui, mama. Kuna siku nikiwa narusha naona pikipiki yake inakuja kwenye kioo cha rimoti, kadogo kule barabarani, na naiacha droni imesimama hewani bila sababu, ndege wanakula. Siku nyingine nafikiri labda ni uwele tu na uchovu na kule kuitwa mwanangu na mtu. Wale kina mama watatu nao wamerudi, safari hii na mwenyekiti wa kitongoji, kwamba msimu ujao wanichangie wote kwa pamoja, mkwe au si mkwe. Nimeuliza ofisini kama kibali kinaweza kuongezwa hilo la ndege. Wamesema niandike maombi, niyapeleke ofisi ile nyingine.

Kwa hiyo ukiniuliza leo nafanya kazi gani, siwezi kukupa jibu utakalomwambia mchungaji kanisani bila kukohoa. Nilikuwa nangoja mambo yanyooke ndipo nikujibu kuhusu mtoto. Nimeona hayanyooki haraka, na Tusekile anakua hivihivi, kila nikija ananisalimia kama mgeni wa heshima.

Mwambie kaka Gwamaka, fundi wetu wa kila kitu, paa la jiko nililomwahidi nimelikumbuka. Wifi mshukuru kwa niaba yangu, na umwambie zile karanga nusu ni zake. Mjomba Ambakisye, mzee wa kanisa, mpe shikamoo yangu, lakini habari ya Mwanglikana usimpe kwa sasa. Shangazi wa kule Ipinda mwombe anisamehe kwa msiba niliokosa.

Tusekile usimpe salamu zangu. Shule zikifunga tu nakuja na basi la kupitia Mtera na Iringa, nitamsalimia mwenyewe, na nitarudi naye. Kitanda ni kimoja, tutabanana. Sijui nitakuwa mpiga picha, mwamia ndege au mkwe wa watu. Kama ni kuchanganyikiwa, basi nichanganyikiwe naye akiwa amelala ubavuni kwangu.

Mwanao anayekuja,
Atupele